Matumizi ya Petroli katika Motakaa ya Mtumishi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Songea)



Twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo, ingawa laonekana dogo, lagusa mfuko wa kila mmoja wetu aliye na motakaa, na hata wa yule asiye nayo, maana nauli na bei za dukani hufuata bei ya mafuta. Jambo lenyewe ni hili: mbona gari la namna moja, lenye injini ya namna moja, katika mikono ya mtumishi huyu hula petroli kidogo, na katika mikono ya mwenzake hula nyingi?

Mji wetu uko mbali na bandari. Petroli hushushwa Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, kisha huchukuliwa kwa magari makubwa hadi huku bara. Mamlaka ya EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei ya kila mji imetiwa ndani yake gharama ya uchukuzi. Mwaka 2022, baada ya vita kuzuka Ukraine, lita moja ilipita shilingi 3,000 hata Dar es Salaam penyewe, na Serikali ikatoa ruzuku ili kuwapunguzia watu mzigo. Bei hiyo hatuwezi kuishusha sisi. Lililo katika uwezo wetu ni idadi ya lita.

Na tufanye hesabu. Mtumishi aendaye kilometa 1,200 kwa mwezi, kama gari lake hwenda kilometa 12 kwa lita, atanunua lita 100. Likiharibika likawa lenda kilometa 9 tu kwa lita, atanunua lita 133. Tukiihesabu lita kwa shilingi 3,000 kwa ajili ya wepesi, tofauti ni karibu shilingi 100,000 kila mwezi, wala hakuongeza safari hata moja. Kwa mwaka ni shilingi 1,200,000. Fedha hizo ni sare na madaftari ya watoto, ni bati za nyumba, ni mbolea ya shamba la mahindi.

Tena kuna jambo zito kuliko fedha. Mtumishi akiisha kubanwa namna hii, njia zilizo mbele yake ni tatu: kuingia katika deni la wakopeshaji wa riba, kuliuza gari kwa hasara, au kulitazama tangi la gari la Serikali kwa jicho la tamaa. Njia hii ya tatu imewavunjia wengi heshima na kazi kwa sababu ya madumu machache. Twasema basi kwamba kutunza petroli yetu wenyewe ni sehemu ya kutunza uaminifu wetu.

KWANZA, KUPIMA. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi makarani tungeona haya kuendesha ofisi pasipo daftari, lakini magari yetu twayaendesha kwa kukisia. Njia ya kupima ni nyepesi. Jaza tangi lote katika sheli, uandike kilometa zilizo kwenye saa ya gari. Tembea kama desturi yako. Siku ya kujaza tena, jaza hadi pale pale, uandike lita zilizoingia na kilometa mpya. Gawanya kilometa ulizokwenda kwa lita ulizotia. Fanya hivyo mara tatu au nne, maana mara moja haitoshi kutoa hukumu. Anunuaye mafuta ya shilingi 10,000 leo na 10,000 kesho hawezi kujua lo lote, wala hatajua siku ugonjwa ulipoingia garini.

PILI, MGUU WA DEREVA. Nguvu ya upepo inayolizuia gari huongezeka kwa mraba wa mwendo. Atokaye kilometa 80 kwa saa akafika 100 amekutana na upepo wenye nguvu zaidi kwa nusu na kupita. Katika njia ya Njombe au ya Tunduru, aendaye 80 huchelewa kidogo, lakini hubakiwa na mafuta ya safari ya kesho. Vijijini sheria yatutaka kwenda 50. Kuna aendaye mbio hadi kwenye tuta, akafunga breki ghafula, kisha akakanyaga mafuta tena kwa nguvu: huyo hugeuza petroli kuwa moto wa breki. Mwenye akili huliona tuta kutoka mbali, huondoa mguu mapema, na gari hujipunguza lenyewe.

Kadhalika, injini inayonguruma gari likiwa limesimama hula mafuta bila kutupeleka po pote, pengine lita moja au zaidi kwa saa. Baridi yetu ya Juni na Julai twaijua, na wengi huacha gari likinguruma robo saa asubuhi. Magari ya siku hizi hayahitaji hivyo; nusu dakika yatosha, kisha uondoke polepole, nayo injini itapata joto njiani upesi zaidi.

TATU, MATAIRI NA MZIGO. Tairi lenye upepo haba huburutwa. Kila paundi moja inayopungua katika matairi yote manne hupoteza kama sehemu mbili katika elfu ya mafuta. Paundi kumi zikipungua ni sehemu ishirini, tena tairi huliwa kando kando na huweza kupasuka. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho penye mlango wa dereva. Kipimwe kwa kipimo, matairi yakiwa bado baridi, wala si kwa kuligonga tairi kwa mguu. Na keria ya juu ya paa, kama haina mzigo, iondolewe, maana hushindana na upepo siku zote.

NNE, INJINI. Hapa twaomba mtusikilize sana. Liko kosa moja lililoenea katika gereji nyingi za nchi yetu: gari likichemsha, fundi huitoa themostati akaitupa, akasema haifai katika nchi za joto. Themostati ni mlango mdogo unaozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, yaani kama nyuzi 80 hadi 90. Ukiondolewa, injini huwa baridi muda mrefu, na katika hali ya hewa ya Songea, iliyo zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, huenda isipate joto lake kabisa katika safari fupi. Kompyuta ya gari hudhani kwamba injini ndiyo kwanza imewashwa, ikaendelea kumimina petroli nyingi. Mwenye gari hufurahi kwamba halichemshi tena, lakini hulipa kila siku asijue. Tena sababu ya kuchemsha haikutibiwa: labda rejeta imeziba, labda feni haizunguki, labda pampu ya maji imechoka. Fundi na aulizwe sababu, na themostati mpya itiwe.

Kuna tena kile kitambuzi kiitwacho sensa ya oksijeni, kilichowekwa katika ekzosi. Kazi yake ni kuonja moshi na kuiarifu kompyuta kama petroli imezidi au imepungua. Kikifa, kompyuta hufanya kazi kwa kubahatisha. Idara ya Nishati ya Marekani yasema kwamba kurekebisha kasoro kubwa ya namna hii kwaweza kuongeza kilometa za kila lita kwa kadiri ya asilimia 40. Dalili yake ni taa ya injini kuwaka mbele ya dereva. Wako waifunikao taa ile kwa karatasi. Wamefanana na mgonjwa avunjaye kipima joto akidhani amepona.

Oili nayo iwe ya uzito ulioandikwa na watengenezaji. Magari mengi madogo yatokayo Japani yalitengenezewa oili nyepesi. Kuyatia oili nzito kwa kusema ati nchi yetu ni ya joto ni kuitwisha injini mzigo. Plagi zilizochakaa zibadilishwe. Chujio la hewa lisafishwe, hasa kwa wapitao njia za vumbi; katika gari la kabureta chujio chafu huongeza matumizi, na katika gari la kisasa hupunguza nguvu.

TANO, MTEREMKO. Iko imani kwamba katika mlima Lukumburu, au Kitonga, au katika kushuka kutoka Mbinga kwenda Ziwa Nyasa, dereva aweke nyutro ili asile mafuta. Katika gari la kisasa imani hii si kweli, nayo ni ya mauti. Gari likiwa katika gia, na mguu ukiwa haupo juu ya mafuta, kompyuta hukata petroli kabisa, na magurudumu ndiyo huzungusha injini. Likiwa nyutro, injini yahitaji petroli ili isizimike, na tena uzito wote wa gari huangukia breki, zikapata moto zikakataa. Basi shuka katika gia ndogo: utatunza mafuta na roho za abiria pamoja.

SITA, WAUZA DAWA. Wapo wauzao sumaku za kufunga kwenye bomba la petroli, na vidonge vya kutia ndani ya tangi, wakiahidi nusu ya matumizi. Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani lilikwisha pima vifaa zaidi ya 100 vya namna hii, na vilivyoleta faida yo yote vilikuwa vichache mno. Fedha ya sumaku na inunue themostati.

Bwana Mwenyekiti, twaomba mkutano ufikirie mambo matatu. La kwanza, kila mwanachama mwenye gari aandike daftari la mafuta kwa miezi mitatu, na hesabu zichapwe katika jarida letu kwa aina ya gari, pasipo majina ya watu, ili kila mmoja ajue gari lake liko juu au chini ya wenzake. La pili, Chama kinunue kipimo kimoja cha upepo na chombo kimoja cha kusoma taa ya injini, viazimwe kwa zamu, maana bei iliyo nzito kwa mtu mmoja ni nyepesi kwa watu thelathini. La tatu, wakaao mtaa mmoja, kama vile Lizaboni, Bombambili au Msamala, wapatane kwenda kazini katika gari moja kwa zamu. Watu wanne katika magari manne hutumia mara nne ya mafuta. Hapana fundi awezaye kuleta faida ipitayo hiyo.

Wazee wetu watakumbuka miaka ya 1970 na 1980, mafuta yalipokuwa haba hata Serikali ikapiga marufuku magari ya watu binafsi kutembea alasiri ya Jumapili. Siku zile amri ilitoka juu. Leo sheli ziko wazi, nasi twaachiwa kujiamuru wenyewe, na hesabu itaonekana mwisho wa mwezi.