Sheria ya Marekani juu ya Utawala wa Sudan



Watu wa Turkana wamewaona Wasudani wakiingia Kakuma tangu mwaka 1992, kambi ilipofunguliwa. Bali si wengi waliosikia habari za sheria iliyotungwa ng'ambo kwa ajili ya nchi ya wageni hao.

Mwezi wa Aprili 2019 Rais Omar al-Bashir aliondolewa, naye alikuwa ametawala karibu miaka 30. Agosti mwaka uo huo askari na raia walipatana kutawala pamoja mpaka uchaguzi. Ndipo Bunge la Marekani likatunga sheria ya kuusaidia utawala wa raia, iliyothibitishwa tarehe 1 Januari 2021. Iliahidi msaada kwa wenye kujenga, na vikwazo kwa wenye kubomoa. Neno lake zito lilikuwa juu ya makampuni ya jeshi, kwamba yawe chini ya usimamizi wa raia. Maana jeshi lenye biashara zake lenyewe, na machimbo ya dhahabu juu yake, haliombi fedha kwa waziri. Na lisiloomba halioni haja ya kumsikiliza.

Tarehe 25 Oktoba 2021 Jenerali Burhan aliivunja serikali, na Waziri Mkuu Abdalla Hamdok akakamatwa. Tarehe 15 Aprili 2023 jeshi na kikosi cha Jenerali Hemedti wakaanza kupigana wao kwa wao. Vikwazo vya Marekani viliwafikia majenerali hao wawili Januari 2025, na Khartoum ilikuwa imekwisha kuharibiwa.