Samaki wa Miambani Katika Ziwa la Nchi Nne

Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilomita zipatazo 670, limepakana na Tanzania, Burundi, Zambia na Kongo, ambayo tangu 1971 hadi 1997 iliitwa Zaire. Mipaka ya nchi hizo majini inafahamika kwa kila askari wa doria. Iko mipaka mingine, ndugu wasikilizaji, ambayo haikuchorwa na serikali yoyote: ya samaki wadogo wa miambani, waitwao kwa jina la kitaalamu Tropheus.

Samaki hao, ambao ni wa ukoo mmoja na sato, hula mwani uotao juu ya mawe. Jike hutaga mayai machache na kuyaatamia kinywani. Kwa kuwa ni nadra kuvuka mchanga mpana au maji ya kina kirefu, kila kundi limebaki mwambani kwake na kujipatia rangi yake: hapa nyekundu, ng'ambo ya ghuba manjano, kwingineko nyeusi yenye mkanda. Rangi zilizokwisha kutambuliwa ni zaidi ya 100.

Je, hizo ni spishi ngapi? Boulenger alimtangaza Tropheus moorii mwaka 1898, na ubishi haujakwisha. Tropheus duboisi, aliyeelezwa mwaka 1959, hana utata: huishi kwenye mawe yale yale na ndugu zake bila kuchanganyika nao. Lakini makundi yaliyotengwa na mchanga hayajapata nafasi ya kuchagua, na mengi yakitiwa katika tangi moja huzaana. Kulipa kila kundi jina la spishi kwa sababu ya rangi tu ni pupa. Kuyahesabu yote kuwa kitu kimoja ni uzembe mbaya zaidi.

Jambo hili linavihusu vyombo vya dola, maana samaki hao huuzwa nchi za nje wakiwa hai, kwa mapambo. Shehena ikikamatwa, huruma ya kuimwaga katika ufuko ulio karibu yaweza kuharibu kundi zima la mwamba ule. Katika Ziwa Nyasa, kwenye kisiwa cha Thumbi Magharibi nchini Malawi, samaki waliohamishiwa huko na wafanyabiashara wamekwisha kuzaana na wenyeji.

Tarehe 12 Juni 2003, mjini Dar es Salaam, nchi zote nne zilitia saini mkataba wa kulihifadhi Ziwa Tanganyika na viumbe wake. Kwa askari aliyesimama mbele ya ndoo ya samaki, swali la kwanza si rangi yao, bali walivuliwa mwamba gani. Na jibu hilo liandikwe kabla mvuvi hajaondoka.