Somo la Afya: Dawa, Mishtuko na Daftari

Leo tutazungumza habari za magonjwa mawili ambayo mara nyingi humpata mtu mmoja, na dawa ambayo wengi waiogopa. Sikilizeni kwanza, kusoma kutafuata.

Ugonjwa wa kwanza ni upungufu wa makini. Mwenye ugonjwa huu si mvivu wala si mpumbavu. Aanza kazi hii, aiacha, ashika ile. Funguo zampotea. Asahau aliyoagizwa sasa hivi. Hali hii huanza utotoni, na wengi huwa nayo hata ukubwani.

Ugonjwa wa pili waitwa Tourette, kwa jina la daktari Mfaransa, Georges Gilles de la Tourette, aliyeandika habari za wagonjwa tisa mwaka 1885. Mgonjwa hupata mishtuko midogo: kope hupepesa, shingo hukatika upande, bega hupanda, au sauti humtoka kama mtu anayeguna. Hakusudii. Aweza kuizuia kidogo, kama mtu azuiavyo chafya, kisha hutoka. Si pepo, si kifafa, wala haiambukizi. Wengine hudhani kila mgonjwa hutukana ovyo. Sivyo, wafanyao hivyo ni wachache.

Sasa twende kwenye dawa. Dawa za kuchangamsha ubongo, kama ile iitwayo methilifenideti, huongeza nguvu ya vitu viitwavyo dopamini na noradrenalini. Vitu hivyo humsaidia mtu kushika jambo moja mpaka mwisho. Vidonge vingine hufanya kazi kwa saa 4 hivi, vingine kwa saa 8 mpaka 12. Haviponyi ugonjwa. Ni kama miwani: yasaidia wakati umeivaa.

Kwa miaka mingi madaktari waliogopa kumpa dawa hii mtu mwenye mishtuko. Waliona wagonjwa wengine wakizidi kushtuka baada ya kuimeza, wakailaumu dawa. Lakini mishtuko ya Tourette hupanda na kushuka yenyewe, kama bahari ijaavyo na kupwa. Basi kosa ni la dawa, au ni la ugonjwa?

Madaktari wa Marekani walifanya majaribio kwa watoto 136 wenye upungufu wa makini na mishtuko pia, wakatangaza matokeo mwaka 2002. Katika kila watoto 100 waliopewa methilifenideti, 20 walisema mishtuko imezidi. Katika kila 100 waliopewa kidonge kisicho na dawa, 22 walisema hivyo hivyo. Twaona kwamba dawa haikuzidisha mishtuko kuliko kidonge kitupu. Waliopewa methilifenideti pamoja na dawa nyingine, klonidini, walipata nafuu kubwa zaidi.

Hao walikuwa watoto, na watu hawalingani. Wako wachache ambao mishtuko yao huzidi kweli. Kwa hiyo mtu mzima na afuate mambo haya:

1. Amwone daktari kwanza. Apimwe mapigo ya moyo, presha na uzito. Aseme kama ana ugonjwa wa moyo, au mimba, au ameza dawa nyingine. Kisha aanze na kipimo kidogo.

2. Dawa hupunguza hamu ya chakula na usingizi. Yafaa aimeze asubuhi, naye ale vizuri. Asiimeze jioni bila daktari kusema.

3. Asitafune mirungi. Mirungi nayo huchangamsha mwili, na viwili hivyo pamoja huutaabisha moyo. Hata kahawa kali na apunguze.

4. Asimpe mwenziwe vidonge, wala asinunue njiani. Mapatano ya mataifa ya mwaka 1971 yaliiweka methilifenideti miongoni mwa dawa za kulindwa. Akivuka mpaka, aulize sheria mapema, achukue barua ya daktari.

5. Aweke daftari. Hapa ndipo elimu yenu inapofanya kazi. Kwa majuma mawili kabla ya kuanza dawa, na kila siku baadaye, aandike tarehe, saa ya dawa, usingizi, chakula na kazi aliyoimaliza. Mishtuko aipe namba, tangu 0 mpaka 10. Aandike pia siku za uchovu na mashaka, maana hizo nazo huizidisha.

Mishtuko ikipanda, asitupe dawa kwa hofu, wala asiongeze kwa tamaa. Ampelekee daktari daftari. Daktari ataona kama mishtuko ilipanda hata kabla ya dawa, ama ilianza siku kipimo kilipoongezwa. Klonidini hasa isiachwe ghafula, maana presha yaweza kuruka. Lakini akiumwa na kifua, akizimia, au akisikia sauti zisizokuwapo, aende hospitali mara moja.

Nasi tulio jirani, tusimcheke wala tusimwige. Kucheka huzidisha mishtuko, na fundi hodari aweza kuacha kazi yake kwa haya tu.

Maswali ya darasani:

Kwa nini kidonge kisicho na dawa kilitumiwa katika majaribio?

Kwa nini daftari lianzwe kabla ya dawa?

Chora kurasa moja ya daftari hilo, uandike siku tatu.

Kwa herini, mpaka somo lijalo.