NCHI JIRANI: NAIROBI YAPIMWA KWA NYAYO



Kila alfajiri maelfu ya wafanyakazi wa Nairobi hutoka Kibera na Mukuru kwa miguu kuelekea Eneo la Viwanda. Hawatembei kwa kupenda mazoezi. Nauli ya matatu ya kila siku ingemega sehemu kubwa ya ujira wao. Hesabu za usafiri za jiji hilo zimeonyesha kwamba safari zipatazo 4 katika kila 10 hufanywa kwa miguu. Hata hivyo, kwa miaka mingi barabara zake zilipimwa kwa jambo moja tu: magari mangapi hupita kwa saa.

Kipimo kingine sasa kipo. Wapimaji huikagua barabara kipande kwa kipande, wakiandika upana wa njia ya miguu, vizuizi vilivyo juu yake, taa za usiku, mwendo wa magari, na umbali wa kivuko hadi kivuko. Shirika la kimataifa la iRAP huzipa barabara nyota 1 hadi 5, na nyota za mwenda kwa miguu hutolewa mbali na zile za mwenye gari. Barabara ile ile yaweza kumpendeza dereva na kumtisha mtembeaji.

Askari ataielewa upesi hesabu ya kuvuka. Mwendo wa haraka katika kwata ni hatua 120 kwa dakika, kila hatua inchi 30; yaani mita 91 kwa dakika. Barabara yenye upana wa mita 24 huvukwa hivyo kwa sekunde 16. Taa za vivuko aghalabu hupangwa kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, yaani sekunde 20. Lakini kikongwe aendaye mita 0.8 kwa sekunde ahitaji sekunde 30. Magari yakiruhusiwa, yeye yu bado katikati.

Barabara kuu ya Thika, iliyokamilishwa mwaka 2012, ilijengewa madaraja ya wapitao kwa miguu. Watu wakaendelea kukatiza chini, na polisi wakawakamata. Sheria ni sheria. Ila mwenye gunia kichwani huhesabu ngazi na mita za kuzunguka kabla ya kuhesabu faini, na jambo hilo halikupaswa kuwashangaza wahandisi.

Mwaka 2015 serikali ya jiji ilipitisha sera ya kutenga asilimia 20 ya fedha za barabara kwa ajili ya watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Mwaka 2022 ikafunguliwa barabara ya juu ya kulipia, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Hiyo haina nafasi ya mguu wa mtu.

Kipimo kingine tayari kimo vituoni, katika daftari la ajali: mahali, saa, na aliyegongwa. Kurasa hizo zikihamishiwa kwenye ramani, huonyesha pale panapokosa kivuko.