Daftari Liko Mkononi mwa Mpinzani



Leo tunazungumza na wale wanaoendesha kesi ya madai wenyewe, bila wakili. Ni wengi wanaoteremka alfajiri kutoka Kinole na Matombo kwenda mahakamani Morogoro mjini.

Tuseme uliuza karafuu na pilipili manga kwa mfanyabiashara. Kila gunia alilipima, akaandika katika daftari lake. Deni ni kubwa, kesi iko Mahakama ya Wilaya. Yeye anasema amekwisha kulipa. Daftari analo yeye. Umemwomba alitoe, kimya. Mwezi unapita, kimya.

Wengi wetu hapo hudhani: amenyamaza, basi ameshindwa. Sivyo! Hakimu hajui kama ulimwomba. Manung'uniko ya kule nje chini ya mti hayamo katika jalada.

Kwanza, ombi lako liwe la barua. Andika tarehe, taja namba ya kesi, taja daftari gani na la msimu gani. Usiseme "karatasi zako zote". Hakimu hatakubali mtu apekuliwe sanduku zima. Weka nakala, naye anayepokea atie sahihi. Akikataa, shahidi aliyekuwapo aandike kwamba amekataa. Si tumejifunza kuandika? Kazi yake ndiyo hii.

Asipojibu, usingoje siku ya ushahidi. Sheria ya Mwenendo wa Madai ya mwaka 1966, Amri ya 11, inakuruhusu kuiomba mahakama imwamuru mpinzani aonyeshe nyaraka alizo nazo. Peleka maombi kwa maandishi, na ile barua uionyeshe. Hakimu akishaamuru, kunyamaza kuna hatari: mdaiwa anayekaidi amri aweza kufutiwa utetezi wake. Lakini panga hili hukata pande mbili. Mdai naye akikaidi, kesi yake yaweza kufutwa. Basi ukiamriwa wewe, toa.

Liko na jingine. Pengine unayo nakala ya ukurasa wa daftari lile. Kwa kawaida mahakama hutaka daftari lenyewe, si nakala. Lakini kwa Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967, ukimpa mpinzani notisi alete daftari lenyewe, naye asilete, nakala yako yaweza kupokelewa. Notisi hiyo mpe mapema, siyo asubuhi ya kesi mlangoni.

Mahakama ya Mwanzo haina mlolongo mrefu hivi. Huko simama, mwombe hakimu aagize daftari liletwe.

Lugha isikutishe. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Na wapo wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa kwa sheria ya mwaka 2017, ambao humsaidia asiye na uwezo bila kumtoza ada. Unapowaendea, chukua barua yako, nakala yake yenye sahihi ya mpokeaji, na karatasi ya mahakama yenye tarehe ya kesi.