Kuchagua Mti wa Kuchonga

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wanaoanza kujifunza kazi ya kuchonga)



Leo hatukuja kusema habari za mishahara, lakini jambo letu si mbali nazo, maana lahusu shilingi za mfanyakazi na mikono yake.

Mwenzetu mmoja alipopunguzwa kazini alichukua fedha zake za mwisho akanunua gogo la mpingo, patasi mbili na tezo. Alikuwa amesikia kwamba kinyago cha mpingo ndicho chenye bei kuliko vyote. Siku ya tatu patasi moja ilikuwa imemeguka makali, na ya pili iliteleza ikamwingia kiganjani. Alikaa majuma manne bila kushika kitu, na watoto wakila kwa kukopa. Watu wakasema hana mkono wa kazi. Sivyo. Alikosea mti tu. Na kosa ni letu pia, kwa kuwa sisi tuliojua hatukumwambia. Ndiyo sababu twasema leo.

Kwanza fahamuni kwamba mti mzuri kwa fundi si lazima uwe mzuri kwa mwanafunzi. Mpingo ni mzito hata hutumbukia majini ukazama. Mtu anayeanza huusukuma kwa nguvu zake zote, na nguvu zikizidi ndipo chuma huteleza. Tena mti huo hukua polepole mno, hupita miaka 70 kabla ya kufaa kukatwa. Kuuharibu kwa kujifunzia ni hasara ya mnunuzi na ya nchi. Muhugu nao ndio uliojenga jina la wachongaji wetu wa Kenya, lakini umekatwa sana katika misitu yetu, na ni mgumu. Iacheni miti hiyo miwili mpaka mikono ikomae.

Basi tuchukue mti gani? Twataja mitatu, na yote mitatu hupandwa na watu, haitoki katika msitu wa asili.

Wa kwanza ni jacaranda, ule wenye maua ya zambarau katika njia za Nairobi. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mbao yake ni nyeupe, laini, nayo hukubali kisu bila ugomvi. Huu ndio tungempa mtu wa siku ya kwanza. Ubaya wake ni kwamba hupasuka ukikaushwa kwa haraka, na rangi yake si ya kupendeza mpaka upakwe.

Wa pili ni mwembe. Mwembe mzee uliokoma kuzaa hukatwa na mwenyewe, na bei yake si kubwa. Hufaa kwa bakuli na sahani. Lakini msiuache chini na maganda yake, kwa maana wadudu huuingia upesi, na mbao hufanya madoa ya kibuluu.

Wa tatu ni mwarobaini, ambao ndugu zetu wa Pwani wanao mlangoni. Kiini chake ni chekundu, na wadudu hawaupendi. Ni mgumu kidogo kuliko ile miwili, kwa hivyo uwe darasa la pili. Chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba kule Changamwe, Mombasa, kilichoanzishwa mwaka 1963, ni miongoni mwa waliogeukia mwarobaini na miti mingine ya mashambani wakati miti ya msituni ilipopungua. Kama mafundi wale hawakuona haya, mwanafunzi ataonaje haya?

Sasa mmefika mahali pa kuuziwa. Msikubali kupewa kipande kwa maneno ya muuzaji. Fanyeni hivi.

Tazameni kichwa cha gogo pale lilipokatwa. Ukiona nyufa zimetoka katikati kama miale ya jua, jua zitazidi. Tazameni ubavuni: nyuzi za mti ziende moja kwa moja. Nyuzi zikijisokota, kisu kitafuata msokoto, si mstari wako. Kipande chenye fundo kiacheni, kwani pale penye fundo nyuzi hugeuka na kuwa ngumu. Mkiona vitundu vidogo na unga mweupe ukidondoka, humo wamo wadudu, nao watahamia katika kazi zenu nyingine. Kisha bonyezeni kwa ukucha. Ukucha ukiacha alama, mti huo wafaa kwa kuanza. Mwisho ombeni kukata kidogo kwa kisu chenu wenyewe. Mti mwema hutoa kipande kilichojikunja, na mahali pale hung'aa. Mti mbaya hutoa vumbi au huchanika.

Kipande cha kwanza kisizidi urefu wa inchi 8 na unene wa inchi 2. Chongeni mwiko. Mwiko ukiharibika umepoteza kidogo, ukifaulu mama wa nyumbani ataupokea kwa furaha. Tembo na twiga watakuja baadaye.

Tena kuna habari ya mti mbichi na mti mkavu. Mti mbichi ni mwepesi kuchonga, ila ukikauka hujinyonga na kupasuka. Fanyeni kama wazee: pasueni gogo katikati ili moyo wake utoke, toeni umbo kwa tezo lingali bichi, mkiacha unene wa akiba. Pakeni nta au rangi ya mafuta kwenye vichwa, ambako maji hutoka mbio, kisha wekeni kivulini, si juani wala karibu na jiko. Mwenye mizani na apime kila juma. Uzito ukikoma kupungua, mti umekauka, na hapo ndipo mtamaliza kwa patasi na msasa.

Hatari msizozisahau: usichonge kijiko wala bakuli kwa mti usioujua jina. Kuna miti yenye sumu katika nchi hii, hata ile iliyotiwa katika mishale ya wazee. Unapopiga msasa funga pua na mdomo kwa kitambaa. Na usikate mti wa mtu au wa serikali bila ruhusa. Gogo la wizi litakutia mahakamani, na faini yake hupita bei ya vinyago vya mwaka mzima.

Mwisho twasema juu ya gharama. Mtu mmoja akienda peke yake hununua kipande kwa bei ya rejareja. Watu kumi wakichanga wakanunua mwembe mzima kwa mwenye shamba, kila mmoja hupata mbao za miezi mingi, na mabaki huwa kuni. Hili hatulisemi kwa kubuni. Ufundi huu wenyewe ulienea kwa kupeana. Mzee Mutisya Munge wa Wamunyu aliujifunza Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akaurudisha Ukambani, na majirani wakajifunza kwake hata ukawa riziki ya maelfu ya nyumba. Angaliuficha, leo tungekuwa tukizungumza nini?

Yule mwenzetu tuliyemtaja amepona. Anachonga miko ya jacaranda, na kovu lake huwaonyesha wanaoanza. Nanyi mkiona mtu ananunua mti usiomfaa, msinyamaze kama tulivyonyamaza sisi. Mwambieni kabla hajatoa fedha.

Umoja ni nguvu.