Miaka Mitatu ya Kusubiri Pilipili Manga

Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua hiyo huchuja rutuba na kuacha udongo wenye tindikali. Chakula cha mmea kiko kwenye majani yanayooza juu ya udongo. Ndiyo maana iliki ya msituni hustawi miaka michache, kisha mavuno hushuka na mkulima hufyeka kwingine.

Pilipili manga inayotambaa juu ya mti wa glirisidia ni njia bora: mti huo huongeza naitrojeni, na majani yake ni mbolea. Ila pilipili hiyo huchukua takriban miaka 3 kuzaa vizuri. Kumkataza mwenye ekari moja kuingia msituni bila kumpa miche, migomba na magimbi ya kumvusha kipindi hicho, ni kumwonea. Halmashauri zianze na vitalu vijijini, kabla ya vuli.